Mtani wa Chumba cha Mazoezi

Ametutoka dada wa mazoezi ya viungo wa hospitali yetu. Msomaji wa Ifakara hahitaji jina. Kila aliyewahi kuvunjika mguu au kukamatwa na kiuno upande huu wa bonde la Kilombero amepita mikononi mwake. Mimi niliambiwa na muuza perege sokoni. Nikaacha samaki pale pale mezani, nikaenda msibani mtaa wa Viwanja Sitini na ndala zangu za sokoni. Nilikuta gari la kumpeleka kwao Iringa limesimama, halina ubovu wowote. Mfanyakazi mwenzake, Mngoni, alikuwa amelala barabarani mbele ya magurudumu, amejifunga kanga ya mtu, anadai jogoo: Mhehe huyu haondoki bure! Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Wahehe na Wangoni ni watani, na ndivyo watani wanavyozikana.

Miaka michache iliyopita mama yangu, mkulima wa mpunga kule Sanje, alikamatwa na kiuno wakati wa palizi. Nikamleta mjini kwangu. Hospitali alipokewa na huyo huyo Mngoni, akampima kwa upole, akamwagiza alale chali juu ya ubao mpaka maumivu yaishe. Ndivyo alivyofundishwa chuoni. Mama alitii. Wiki zikapita, maumivu yakabaki, na miguu ikaanza kukonda hata bafuni akawa haendi bila kushikwa. "Mwanangu, nirudishe Sanje nikafie kwangu," aliniambia. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nilitoka nje nikalia.

Kumbe dawa ilikuwepo. Nyuma ya mlango wa chumba cha mazoezi ulibandikwa mwongozo mpya, unaosema mgonjwa wa kiuno asiye na dalili za hatari asilazwe, asaidiwe kutembea mapema. Wahudumu wote wa chumba hicho walikuwa wameusoma, na wote waliendelea na ya zamani, maana mkono wa fundi una mazoea yake. Marehemu akapendekeza wawe wawili wawili: mmoja ahudumie, mwenzake atazame, kisha waambiane ukweli. Loo, ukweli gani! "Umefanya vizuri sana, mwenzangu." "Na wewe pia." Nani atamkosoa mtu ambaye kesho anamwomba amshikie zamu? Ndipo aliposema, basi, kila mmoja atatazamwa na mtani wake, na asiye na mtani atatafutiwa.

Siku niliyomrudisha mama hospitalini, marehemu alisimama nyuma ya Mngoni, amekunja mikono. Yule bwana alimpima mama nguvu za miguu, akamuuliza kama haja ndogo inatoka sawasawa, na marehemu akatikisa kichwa kukubali. Kisha bwana akamwambia mama arudi nyumbani akaendelee kulala.

"We Mngoni!" Chumba kizima kiligeuka. "Babu zako walikuja kwa miguu kutoka Afrika Kusini mpaka Songea, na ng'ombe wao na watoto mgongoni. Wewe mjukuu wao unamlaza mama wa watu kama gunia la mpunga? Nani kakuroga?"

"Nyamaza, Mhehe mla mbwa!"

"Nimekula, nimeshiba. Haya, nenda kasome nyuma ya mlango."

Wagonjwa walivunjika mbavu kwa kicheko, na yeye mwenyewe alicheka. Lakini alikwenda. Alisoma polepole kama mtu anayeiona karatasi ile kwa mara ya kwanza, akarudi, akapiga goti mbele ya mama. "Mama yangu, nisamehe. Tusimame kidogo, tufike dirishani tu." Mama alifika dirishani akipiga mayowe kwa Kipogoro, na kesho yake akafika mlangoni. Mavuno yaliyofuata alikuwa shambani na kisu chake cha kuvunia, na mimi nilimpenda yule dada kama aliyenizaa mara ya pili.

Tunapenda sana miongozo nchi hii. Tunaiandika, tunaifanyia semina, tunakunywa soda, tunaibandika ukutani, basi, kazi imekwisha. Lakini kinyozi hajinyoi. Mtu halioni kosa la mkono wake mpaka mwenzake alione, na mwenzake hasemi, eti heshima. Heshima gani hii inayomwacha mama wa watu akikauka kitandani? Yule dada alijua kwamba watu wazima hawakatai kufundishwa, wanakataa kuaibishwa, na kwetu mtani peke yake ndiye anayeweza kukutukana bila kukuaibisha.

Juzi nilipita chumba cha mazoezi kumpa pole yule Mngoni. "Siku hizi tunaheshimiana mno humu ndani," aliniambia kwa sauti ya chini. "Naogopa." Kitandani alikuwepo mkata miwa mmoja akisubiri, ameshika kiuno. Mngoni akamwita binti aliyehamia kazini hapo karibuni kutoka Chita, akamwomba asimame nyuma yake amtazame.

"Kaka, wewe ni mkubwa wangu," binti alisema. "Na mimi Mndamba, sisi hata si watani."

"Najua. Nitukane hivyo hivyo, mdogo wangu. Ukinistahi mimi, atakayeumia ni huyu."