Tulikatiza majimbo matano ya Marekani, mwanangu akaona masofa tu

Wakuu, salaam popote mlipo. Huu uzi ni kweli tupu na nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie. Atakayesema hii ni chai aje Hodge Hill, Birmingham, nimwoneshe tiketi nilizozi-print. Bado ziko kwenye droo.

Mimi ni mtu wa Kigoma, fundi vyuma kwenye karakana moja Tyseley. Mke wangu ni Mkongo wa Uvira, tulikutana hapa hapa Birmingham. Tuna watoto wawili: Divine ana miaka kumi na moja, Jonas ana mitano.

Divine ana wazimu wa mapango. Sijui kautoa wapi.

Tangu akiwa na miaka saba anajifungia kwenye kile kistoo cha chini ya ngazi tunamoweka hoover, anazima taa, anakaa humo na tochi na kitabu cha library. Ukimwita kula anajibu, "I'm underground, Dad."

Nikamwahidi: ukimaliza primary, nakupeleka Kentucky, kwenye Mammoth Cave, pango refu kuliko yote duniani. Niliahidi mimi, kwa mdomo wangu, hakuna aliyenilazimisha.

Plan ilikuwa safi. Tushukie Washington, tukodi gari, tukatize Maryland, West Virginia, Ohio, Kentucky, tumalizie Nashville kule Tennessee, tupande ndege turudi. Njiani tusimame kila penye kitu cha kuona. Maporomoko, zoo, madaraja ya zamani. Pango siku ya mwisho.

Tiketi ya pango ina saa yake. Yetu ilikuwa saa tano kamili asubuhi. Kundi linashuka na ranger, yule askari wa hifadhi anayeongoza, ukichelewa umechelewa.

Sasa hapa ndipo nilipofanya ujinga.

Ndugu wa mke wangu waliishi kambi ya wakimbizi Nyarugusu miaka mingi kabla ya kutawanywa Marekani. Wana group lao la WhatsApp. Na mimi, kwa kupenda sifa, nika-screenshot ratiba nzima na tarehe zake nikaitupia humo, na ka-emoji ka ndege juu. Nilitaka wajue mkwe wao anajiweza.

Ndani ya saa moja ratiba haikuwa yangu tena.

"Shemeji, mukipita Columbus bila kufika kwangu, mutakuwa mumenizika," akaandika kaka wa mke wangu. Wa Maryland, Louisville na Bowling Green wakafuata. Mke wangu analia kwa furaha, watu hawa hajawaona tangu akiwa binti. Mimi niseme nini?

Nikasema tutafika kwa wote.

Washington tuliiona kupitia kioo cha gari, kwa sababu Maryland chakula kilikuwa kinapoa. West Virginia tulipita mbio, maporomoko tukayaacha, kwa sababu Columbus watu wameshakusanyika. Zoo ya Columbus ilikuwa karibu kabisa na kwa shemeji. Hatukwenda. Tulikaa kwenye sofa tukaangalia video ya harusi ya mtu nisiyemjua, saa tatu nzima. Nilikuwa nachemka ndani huku nje natabasamu.

Louisville hivyo hivyo. Sofa, soda, picha ya pamoja, maombi.

Divine hakulalamika hata mara moja. Kila nyumba alikuwa anauliza kitu kimoja tu: "But we're still doing the cave, yeah?" Namwambia yeah.

Siku ya kabla ya mwisho tulipita kibao cha Mammoth Cave kwenye highway. Divine akabandika uso kioo kizima. Hatukukata kona, kwa sababu tulikuwa tunakwenda kulala mbele yake, Bowling Green, kwa Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada wa marehemu mama mkwe wangu. Ndiye aliyemlea mke wangu kambini. Kwa huyu mama hakuna anayesema hapana, na mimi sijawahi kujaribu.

Asubuhi saa tatu tumeshafunga mizigo. Divine amevaa ile tochi ya kichwani niliyomnunulia Balsall Heath, amekaa ndani ya gari na mkanda kafunga.

Mama Mkubwa akatoka mlangoni na mwiko mkononi.

"Mukwe wangu, munaenda wapi na njaa? Mukuje mule kwanza. Pasta iko njiani, anakuya kuwaombea safari."

Nikamwambia mama, tuna tiketi, saa tano pangoni.

"Ile shimo itakimbia? Si iko pale tangu Mungu aumbe dunia?"

Watu wote wakacheka. Na mimi nikacheka! Hicho kicheko changu ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Tukaingia ndani. Bugali, sombe yaani kisamvu, na ndagala, dagaa wa kwetu. Kitamu, siwezi kudanganya. Saa nne ikafika. Nikasimama, Mama Mkubwa akanitazama, nikakaa.

Divine akaja mlangoni na tochi yake kichwani. "Dad, it's ten o'clock."

Nikamwambia kwa upole, kwa sababu wenyeji wanasikia, "Subiri kidogo mwanangu."

Pasta alifika saa nne na nusu, katoka moja kwa moja kazini. Akaombea matairi. Akaombea breki. Akaombea jimbo moja moja tulilopita, na mimi macho nimeyafumba nusu nasoma saa ya ukutani.

Tuliondoka saa tano kasoro robo. Nimeendesha vibaya, sitaki kusema nilikuwa spidi ngapi.

Tulifika saa tano na nusu. Dada wa dirishani akasikitika kweli kweli. Kundi limeshashuka, na tour zote za siku ile zimejaa. Kesho yake asubuhi ndege yetu.

Divine akaanza kulia, bila kelele, na tochi bado kichwani.

Wakuu, mnajua nilifanya nini?

Nilimfokea. Mbele ya parking nzima. "Stop it! Ni pango tu! Unalilia shimo?" Hasira yote ya Maryland, ya Columbus, ya sofa na pasta, niliyoshindwa kuitoa kwa mtu mzima hata mmoja, nilimmwagia mtoto ambaye hakukosa chochote.

Akavua tochi, akampa Jonas.

Safari yote ya kurudi alisema "I'm fine" tu.

Wiki iliyopita Mama Mkubwa katuma voice note. "Mukwe wangu, mutoto aliona shimo yake?"

Nilikuwa jikoni, Divine mezani anakula cereal. Huyu mtoto Kiswahili anakielewa chote, kujibu tu ndiyo anajibu Kiingereza. Nikabonyeza kurekodi: "Aliona mama, alifurahi sana, Mungu akubariki."

Nikaituma.

Divine akaweka kijiko chini. "Dad, how come she gets your nice voice?"

Akaenda kwenye kistoo chini ya ngazi akafunga mlango.

Nilichojifunza: ratiba ya familia usiitupie group. Na kama hapana yako inamwogopa mkubwa, jua kuna mdogo ataibeba.

Nataka kumpigia Mama Mkubwa nimwambie ukweli, hatukuona kitu, na kosa ni langu, na Divine awe amekaa pembeni anasikia. Mke wangu anasema nitamuua bibi wa watu kwa presha.

Nipigie au nisipige? Nipeni makavu, hata matusi nayapokea. Ila msiniambie pango halitakimbia.