Swichi Aliyoibandua Mama

Mama yangu alikuwa kipofu, lakini taa ya ukumbini kila magharibi aliiwasha yeye, tangu alipoletwa bi harusi katika nyumba ile ya Mji Mkongwe. Mwaka mmoja ukuta ulinyonya maji ya masika na swichi ikampiga shoti. Nikamkataza kuigusa. Akanijibu, "Sijafa bado."

Mimi ni fundi redio, na nilijiona mjanja. Swichi ya kweli nikaihamishia chumbani kwangu, na pale pake pa zamani nikabandika ya uongo: bati la kopo na springi ya kalamu, nyepesi kama ganda la yai. Wiki nzima nilihangaika nayo, macho nimeyafumba, nalikunja bati na kulikunjua, mpaka kidole changu mwenyewe kikashindwa kuitofautisha na ile ya kweli. Mama akibofya, mimi chumbani nasikia mlio, nawasha. Tukaenda hivyo miezi.

Siku moja nilichelewa Darajani. Baada ya adhana jirani akapiga hodi.

"Karibu, taa nshawasha," mama akamwambia.

"Bi mkubwa, mbona kiza? Kwetu umeme upo."

Mama akabofya tena, na tena.

Niliporudi nilimkuta ameipakata ile swichi. Alikuwa ameibandua ukutani bila taabu. Nikaanza kujitetea. Nikataja shoti, nikataja ukuta, nikapandisha na sauti. Akaningoja nimalize.

"Macho kayachukua Mungu, na sikumlalamikia," alisema. "Vidole umenipofua wewe."