Kitambi cha Mwenyekiti

Mume wangu alipoacha pombe, wa kwanza kuja kulia pamoja nami walikuwa wanawake wa kanisa, wale wale niliokuwa nikiomba nao miaka mingi ili aache.

Ngoja nieleze alivyokuwa kabla. Tulikaa juu kidogo ya mji wa Litein, kwenye shamba la chai alilogawiwa na baba yake, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu, pale wakulima wanapopeleka majani yapimwe kabla lori la kiwanda halijaja. Hakuchaguliwa kwa maneno. Alichaguliwa kwa tumbo. Miaka ile ya tisini mwanamume mwenye kitambi alihesabiwa kuwa mtu aliyefaulu, na cha mume wangu kilikuwa kinaingia mlangoni kwanza, halafu yeye. Akisimama mbele ya wakulima akakishika kwa mikono miwili, watu walinyamaza kabla hajafungua mdomo.

Kitambi hicho kilijengwa Litein. Kila jioni, majani yakishapimwa, alishuka kwenye baa ya rafiki yake mmoja, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Murang'a akafungua duka, kisha bucha, kisha baa mlango wa pili. Hapo mume wangu aliagiza mbuzi wa kuchoma, na bia ya kuteremshia nyama, halafu nyama nyingine kwa sababu bia ilikuwa imebaki. Nyumbani mimi nilifunika ugali wake kwa sahani, na asubuhi nikawapa kuku.

Aliachishwa na kiti. Tulikuwa tumeenda Sigor kwenye posa ya binti wa dada yake. Wenyeji walikuwa wameazima viti vya plastiki vyenye mikono, vitu vipya wakati huo, na mume wangu, kwa kuwa ni mjomba, akapewa kimoja mbele kabisa. Nyuma ya ghala alikuwa ameshapitishiwa kitu kwenye kikombe, mara kadhaa. Alipoitwa afungue kwa maombi alisimama, na kiti kikasimama naye. Hakujua. Aliombea vijana, akaombea mvua, akaombea bei ya majani, na muda wote huo miguu minne ya kiti ilikuwa inaelekea kwa mchungaji aliyekaa nyuma yake. Waliofumba macho walibarikiwa. Sisi wengine tuliona. Baada ya Amina, wajomba wawili wa upande wa kijana walimshika, mmoja akavuta kiti, mwingine akavuta mume wangu, na kilipotoka kikalia kama chupa inayofunguliwa.

Tulipofika nyumbani alikaa kitandani, akavua viatu.

"Mama watoto," akasema, "mimi na bia tumeachana."

"Mpaka lini?"

"Nimekwambia tumeachana. Watu wakiachana, wanaulizana mpaka lini?"

Sikumwamini, lakini aliacha. Jioni alikuja nyumbani jua likiwa bado juu, tukawa hatujui tumfanye nini. Alikunywa chai, akala ugali na mboga, akalala. Ile nyama ya usiku hakuitaka tena. Alisema bila bia inamkaba. Kitambi kikaanza kushuka, halafu kikaenda kabisa. Mshipi wake aliutoboa matundu mapya kwa msumari wa moto, akatoboa mengine, mpaka ncha ikazunguka ikafika mgongoni. Nilimpeleka kwa fundi wa nguo, na fundi akakataa kukata suruali.

"Nitakunja kwa ndani, mzee," akasema. "Nguo ikishakatwa, mwenye nayo akitaka kurudi hawezi."

"Mimi narudi wapi?" mume wangu akauliza. Fundi aliinama kwenye cherehani yake, akajifanya anatafuta uzi.

Hapo ndipo wanawake wa kanisa walipokuja. Walileta kuku na unga wa wimbi, wakakaa sebuleni wameshikana mikono. Nilidhani wamekuja kumshukuru Mungu. Mkubwa wao akanipapasa mkono juu ya kiwiko, kama mtu anayechagua kondoo sokoni.

"Na wewe, unajisikiaje?"

"Mimi niko sawa."

"Asante Yesu. Na Baba?"

"Yuko sawa. Ni pombe tu aliacha."

Wakatazamana. "Dada," mmoja akasema polepole, "ndugu yangu kule Sotik alianza hivyo hivyo. Kwa kuacha pombe."

Miaka hiyo kulikuwa na ugonjwa ambao watu hawakuutaja jina. Walisema tu "huu wa siku hizi", na mtu akipungua mwili, basi ameshahukumiwa. Haikusaidia kitu kwamba mume wangu alikuwa anaamka mapema kuliko zamani na kupanda kilima bila kuhema. Walisema ndio nguvu za mwisho. Mdogo wake alikuja Jumapili moja, akalitazama koti kubwa la kaka yake pale ukutani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hana haraka, ila nilikinge na nondo.

Tulienda hospitali. Daktari, kijana mwenye haraka, alimpima damu, mkojo, mapafu, akarudi na majibu anatabasamu: mzee hana ugonjwa wowote, aendelee hivyo hivyo. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, nikamwambia jirani yangu kwenye ua.

"Hawakuona kitu?" akauliza.

"Hawakuona kitu."

"Hata kwa mashine?"

"Hata kwa mashine."

Alishika kifua. "Woi! Basi kimejificha."

Kamati ya kituo nayo ikaona haiwezi kukaa bila kujua mwenyekiti wake anaelekea wapi. Mwandishi wa kamati alisema hawataki uvumi, wanataka kipimo, na kipimo kilikuwepo pale pale: mizani ya majani, ile inayoning'inia na ndoano yake. Basi siku moja ya kupima, mbele ya wakulima wote, walimweka mume wangu kwenye gunia, wakafunga pembe juu, wakamning'iniza. Mvua ilikuwa imemnyeshea njiani. Alizunguka polepole, mara anatutazama, mara anatazama mashamba, kichwa tu kikiwa nje.

Karani alisoma mizani, akatoa uzito wa gunia kama kawaida. Kisha akamgusa begani.

"Huyu ameloa," akasema. "Lazima nitoe na uzito wa maji."

"Toa wa gunia peke yake," mume wangu akasema kutoka juu. "Maji ni yangu."

"Mzee, kwa majani huwa natoa. Siwezi kuwa na sheria mbili."

Wakulima wakagawanyika. Waliokuwa wamekatwa uzito wa maji asubuhi ile walisema haki ni haki, mwenyekiti naye akatwe. Wengine wakasema mtu si majani. Walibishana mpaka lori likapiga honi, na alipoteremshwa hakuna aliyekumbuka mizani ilisema nini. Lakini maneno yalishuka Litein, na yalipofika Sigor yalikuwa yamebadilika: mwenyekiti amebebwa kwenye gunia.

Kesho yake mama mkwe wangu akafika kutoka kwake Sigor. Alikuwa mzee wa kanisa, amevaa kitambaa chake cheupe, na katika boma lake hakuna pombe iliyowahi kupita langoni. Alileta kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa na mkaa. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, halafu akafungua leso, akatoa chupa ya bia, akaiweka mezani. Alikuwa ameteremkia Litein akaingia baa yeye mwenyewe, na yule rafiki wa mume wangu alimpa huku akijifuta machozi.

"Kunywa," akasema.

"Mama, mimi niliacha."

"Najua uliacha! Si ndiyo maana unakufa? Kunywa kama dawa. Mungu anaona ni dawa."

"Mama, daktari alisema niko mzima."

"Daktari hakukuzaa. Nilizaa mtoto mnene."

Sikujua nisimame upande gani. Miaka yote nilikuwa nimeichukia chupa ile, na sasa, nikiyatazama mashavu ya mume wangu yalivyobonyea, moyo wangu nao ukaniuliza kama kidogo ingekuwa dhambi. Nilisema tu kwamba hatuna cha kufungulia, maana vifungulio vyote nilivitupa chooni siku ile alipoacha.

Mama mkwe akaitia chupa mdomoni, akauma kizibo kwa meno ya pembeni, akakitema mkononi. Hata tone halikumwagika.

Mume wangu akabaki ameduwaa. "Mama, hiyo ulijifunza wapi?"

"Nyamaza, unywe."

Alikataa. Alimshika mama yake mikono, akamwambia kwamba atakula chochote atakachopewa, hata kibuyu kizima, ila bia hapana. Mama akalia. Alipomaliza kulia alisema si vizuri kitu kilichofunguliwa kimwagwe, akainywa yeye, polepole, macho yameelekea dirishani, kisha akalala kwenye kiti mpaka jioni.

Ahadi ya kibuyu alishikwa nayo. Kila wiki kulikuja mursik kutoka Sigor, na mume wangu aliogopa kumvunja mama yake moyo, kwa hiyo alikunywa yote. Mwili ukaanza kurudi. Mashavu yakajaa, shingo ikarudi kwenye kola, na kitu kama kitambi, kidogo bado, kikachungulia juu ya mshipi. Nilianza kulala vizuri. Wanawake wa kanisa wakaacha kunipapasa mikono.

Halafu wakaja wazee wa kanisa, watatu, wamevaa makoti. Walisali kwanza. Mkubwa wao akasema wamesikia habari za kuhuzunisha: kwamba ndugu yetu amenenepa.

"Ndiyo," mume wangu akasema.

"Sisi tunajua mwili ule ulitoka wapi zamani."

"Ni mursik, wazee."

"Tungependa kuhakikisha. Sema haa."

Mume wangu akanitazama. Nikainua mabega. Akafungua mdomo akasema haa, na wazee wakainama mmoja baada ya mwingine, wakanusa, wakakaa kufikiri. Wa mwisho aliomba arudie. Kisha akasema harufu ni ya maziwa na mkaa, tena mkaa mzuri, akauliza kama kibuyu kimebaki na kitu.

Kilikuwa kimejaa, kilikuwa kimefika jana yake. Nilileta vikombe. Mume wangu akawamiminia, akawaongeza, nao wakaanza kuzungumza habari za ng'ombe na bei ya majani, wamefungua vifungo vya makoti. Jua lilikuwa linashuka, nikachukua ndoo nikaenda kukamua.