Nilivyousingizia Umeme wa Bwera

Kabla hamjasikia kwa wengine, acheni niwaambie mwenyewe. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Bwera, na neno "sijui" halijawahi kunitoka mbele ya mteja. Mama Kavira, muuza vitenge kutoka Butembo, alinunua kwangu memori mpya ya kompyuta yake. Pakiti iliandikwa spidi 3200, lakini kompyuta ikaonyesha 2133.

"Fundi, hii memori iko mugonjwa?"

Nikakumbuka mashine ya posho ya jirani, ile ya kusaga mahindi, jinsi inavyozubaa umeme ukipungua nguvu. Nikajibu kama daktari, "Memori ni nzima, Mama. Umeme wa Bwera ndio dhaifu."

Kufika jioni, soko zima lilikuwa linalalamikia umeme dhaifu. Kesho yake wazee wa soko wakanipeleka mimi na kompyuta hadi ofisi ya umeme, Kasese. Nikahutubia kwa sauti kubwa, kushinda injini iliyokuwa ikinguruma nyuma ya ukuta.

Afisa alinisikiliza mpaka mwisho. Akawasha kompyuta, akabonyeza kitufe, akaingia kwenye mipangilio na kuiruhusu memori ikimbie spidi iliyoandikwa kwenye pakiti. Ikawaka upya: 3200.

Wazee wakanigeukia. Nikapangusa jasho. "Mnaona wenyewe? Umeme wa Kasese una nguvu."

Afisa akanitazama kwa huruma.

"Fundi, hapa umeme imekatika tangu asubuhi. Hiyo unasikia ni jenereta."