Baiskeli Nzito ya Mutisya

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, enzi zile nikiwa fundi wa baiskeli pale sokoni Salama, kando ya barabara ya Mombasa. Mume na mke walikuja kwangu wakiwa hawasemezani. Mutisya alikuwa akisukuma baiskeli yake ya gia tatu, zile ambazo gia zimefichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Mkewe Mbithe alimfuata na furushi la nguo kichwani. Nikajua hapo pana neno, kwa maana mtu haji kwa fundi wa baiskeli na nguo zake zote.

"Fundi, hii kitu imekuwa nzito mpaka siwezi panda nayo mlima ya Kilungu," Mutisya aliniambia. "Huyu alipatia ndugu yake, akaiharibu. Fungua hiyo habu, tuone gia imevunjika, halafu nimpandishe basi arudi kwao Kanyangi."

"Mimi sikupatia mtu," Mbithe alisema. Alikuwa amelia hadi sauti ikamkauka. Nilimwonea huruma, na kusema kweli yule bwana alinikera, lakini nilishika spana yangu.

Mutisya alitaka nianze kwa nyundo! Nilikataa. Habu ya namna ile ukiifungua bila sababu, vile vipande vya ndani vitakutoa jasho kuvirudisha. Niliipindua baiskeli, nikafungua kwanza waya wa gia, maana ukivutwa sana au ukishika kutu huleta taabu. Nikazungusha gurudumu. Zito. Nikalegeza koni zinazobana gololi, nikazungusha tena. Zito vilevile, na pedeli zinazunguka pamoja nalo, wakati zilipaswa kutulia. Ila sikusikia mlio wowote wa kitu kilichovunjika. Basi nikainua kale kafuniko ka kutilia mafuta, nikaingiza kijiti, kikatoka na uji mweusi unaonata kama ulimbo. Nikaunusa.

"Nani anatia hapa mafuta ya mbarika?"

Mbithe aliteremsha furushi. "Ni mimi. Ni ile mama alinipatia ya kujipaka. Nilikuwa naona huyu anarudi amechoka na hiyo mlima, nikasema wacha nimsaidie. Sikujua ndiyo inafanya iwe nzito."

Mutisya alitazama chini. Mafuta yale ni mazuri kwa ngozi, mwanangu, lakini ndani ya habu huganda yakashikana na vumbi. Gia zote zilikuwa nzima. Niliisafisha kwa mafuta ya taa, nikazungusha na kuzungusha mpaka uchafu ukaisha, kisha nikatia mafuta mepesi ya cherehani na kurudisha koni na waya mahali pake. Gurudumu likazunguka bila shida.

"Haya, twende nyumbani," Mutisya alisema kwa sauti ndogo.

Mbithe hakusogea. "Siendi. Ndugu yangu ulimwita mharibifu mbele ya mama. Kwanza utaenda Kanyangi, umwambie pole mbele ya mama huyohuyo."

Watu wa soko walikuwa wamesimama wanasikiliza. Mutisya alijifuta uso. "Nitaenda," akasema. "Na wewe nisamehe, Mbithe." Waliniachia baiskeli niwawekee, wakapanda basi la Kanyangi wote wawili.

Nakuambia haya kwa sababu ndoa yako ni changa na nasikia mnapandishiana sauti. Jambo likikaza nyumbani, usianze kwa kuvunja. Jaribu kwanza lile dogo lililo karibu na mkono wako. Usimtafutie mtu kosa kabla hujamwuliza alikuwa akifanya nini. Mutisya hakuwa mtu mbaya, lakini swali hilo moja lilimshinda, na nusura amfukuze mtu aliyekuwa akimhangaikia kimyakimya. Na ukigundua umekosea, nenda ukaombe msamaha palepale ulipomwaibisha mwenzako, hata kama ni mbali.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe masikio mapana na moyo mpole, na nyumba yako isikose kicheko.