Kichwa cha Hadija Kilichokataa Maji

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, uani kwetu Mtoni, na kabla sijaenda mbali nitawataja waliokuwepo, maana wengine wametangulia na sitaki majina yao yapotee. Alikuwepo mama yangu, Bi Zuhura, anapepeta mchele. Alikuwepo Hadija, binti wa mama yangu mdogo Mwajuma, aliyeletwa kutoka Kigamboni ili aolewe akitokea kwetu. Alikuwepo Felista, binti wa mwalimu aliyepanga chumba cha mbele, watu wa Njombe, anasubiri zamu yake ya kusukwa. Alikuwepo Bi Somoe wa Lindi, shoga yake mama, msusi aliyeshika vichwa vya nusu ya mtaa ule. Na mie Mwanahawa, miaka kumi na tisa, chanuo mkononi, najiona fundi.

Mwanangu, ufundi wenyewe ulikuwa na sababu moja tu: nywele zangu zilikuwa zinapendeza. Utotoni nilizichoma sana kwa chanuo la moto, likiwekwa kwenye jiko la mkaa mpaka linatoa moshi. Baadaye nikaacha, nikawa nazipaka mafuta mazito ya nazi asubuhi na jioni, zikalainika, zikang'aa. Basi nikaamini nimepata dawa ya kila kichwa. Hadija alipokuja, harusi ilikuwa imebakiza miezi miwili. Mama akanikabidhi: "Hawa, mtengeneze mwenzio. Siku ya kumfukiza wasije wakanisema." Maana kwetu bibi harusi hufunguliwa nywele zikafukizwa udi mbele ya wanawake wa pande zote mbili, na wakwe wanaangalia, hata wakijifanya wanazungumza mambo mengine.

Nikampaka. Asubuhi nazi, jioni nazi. Maji nilimnyima, nikisema yanakausha. Hadija alikuwa na nywele nyingi, zimejisokota zenyewe vizuri, lakini mafuta yakawa yanakaa juu tu, na vumbi la Barabara ya Kilwa likaja likakaa juu ya mafuta. Zikawa zinanata kwa nje na kukauka kwa ndani. Mie, badala ya kujiuliza, nikaongeza mafuta. Na mdomo sikuufunga. "Kichwa gani hiki kinachokataa hata nazi?" Felista akadakia, "Da Hadija, hicho si kichwa, hilo ni steliwaya la kusugulia sufuria!" Tukacheka mpaka machozi. Hadija naye akacheka, ila tangu hapo hakutoka tena bila kilemba, hata kwenda msalani.

Sasa Jumamosi hiyo, zimebaki wiki tatu, nilikuwa nazichambua. Kavu, zimeshikana, na mie navuta kuanzia shinani. Akajikunja kwa maumivu, nikamwambia, "Tulia, usijifanye mtoto." Nikavuta tena. Chanuo likatoka na fungu zima la nywele, hapa juu ya paji la uso.

Hadija akaliokota lile fungu mkekani, akalitazama kiganjani. Hakulia. Akasema taratibu, "Dada Hawa, leta wembe uninyoe zote. Bora wanikute na kipara kuliko kunikuta hivi."

Mama akaweka ungo chini. Bi Somoe yeye hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwanahawa, hebu weka hilo chanuo."

"Bi Somoe, mie nilikuwa natafuta..."

"Weka chini. Kachemshe maji."

Akamwosha mwenyewe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mara mbili, mpaka maji yakaacha kutoka ya kijivu. Akamkalisha juani nywele zikauke. Ndipo akachovya vidole kwenye bakuli, akanirushia mie matone kichwani. Yakazama papo hapo. Akamrushia Hadija. Yakabaki juu, mviringo, yanametameta kama shanga.

"Umeona? Zako uliziunguza, zimebaki na matundu. Zinakunywa upesi na kukauka upesi, ndiyo maana zinataka mafuta mazito ya kuyafungia maji ndani. Za huyu zimefunga mlango. Wiki tano unamwaga mafuta mlangoni, halafu unamtukana mwenye nyumba! Nani kakwambia kichwa cha mwenzio ni kichwa chako?"

Felista alikuwa anatazama kucha zake.

Bi Somoe akatia khanga kwenye maji ya moto, akaikamua, akaipima kwenye mkono wake isije ikaunguza, akamfunga Hadija kichwani. Ikipoa anarudia. Aliponyunyiza maji tena, yaliingia. Akapaka mafuta kidogo sana, ya kung'aza ncha za vidole tu, akazichambua kwa mkono kuanzia nchani. Hadija akajigusa. "Kumbe ni laini," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Wembe haukuja. Lakini zile za mbele hazikuwahi kuota kabla ya harusi. Siku ya kufukiza nilijikalia nyuma yake na chanuo langu, kwa mazoea. Akageuka, bila hasira, akasema, "Leo namtaka Bi Somoe. Wewe nishikie bakuli." Nikashika bakuli. Mama mkwe wake alipitisha vidole kwenye zile nywele, akasema, "Mashallah, zake mwenyewe hizi." Vigelegele vikapigwa, na mie nimesimama na maji yangu. Baadaye nilimwomba radhi. Akanijibu, "Nywele zitaota, dada. Ila mlinicheka."

Hilo la mwisho ndilo nililobaki nalo mpaka leo.

Mjukuu wangu Rehema ananiambia, "Bibi, hayo mambo yako yanaitwa porositi, yaani nywele zinavyonywa maji." Iitwe inavyoitwa. Nakuona nawe unanunua kopo la mafuta ya nywele kwa sababu ya msichana uliyemwona kwenye simu. Mwanangu, kwanza osha kichwa chako, kiache kikauke, kinyunyizie maji, ukitazame. Kikikataa, kipe joto la taratibu na mafuta mepesi, machache. Kikinywa haraka, kipake mafuta mazito kingali na unyevu, na moto uuache. Usichambue nywele kavu. Na ukimsuka mtu, mshike kichwa kwanza kabla hujafungua mdomo, maana anakupa sehemu ya mwili wake asiyoweza kuiona.

Mungu akujaalie mkono wa huruma na ulimi laini, na kila atakayekaa mkekani kwako ainuke anajipenda. Haya nimeyasema kadiri ninavyokumbuka. Kama wapo watoto wa Bi Somoe wanaosoma, au wa Felista, na nimemsahau mtu au nimepotosha jambo, nisahihisheni tu, wanangu, sitakasirika.