Kwa Nini Wanamwita Bi Mafuta

Saa tatu asubuhi, Bi Mafuta anabana pumzi. Kwa kibano, analaza kipande cha plastiki, chembamba kama ganda la kitunguu, kwenye fremu ya chuma. Anakaza skrubu ya mwisho, kisha anashusha pumzi. "Haya, sasa ongeeni," anatuambia sisi waandishi tuliomtembelea.

Yeye ni fundi wa sampuli katika maabara ya utafiti. Fremu hiyo huivuta plastiki polepole huku ikipitiwa na miale miwili kwa mpigo. Mmoja ni wa nyutroni, chembe ndogo mno zinazoonyesha minyororo ya molekuli ilivyojipanga. Mwingine ni wa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, unaotambua minyororo hiyo imeundwa na nini.

Kwa nini isipimwe kwa zamu? Anacheka. "Ikivutwa inabadilika palepale. Ni kama wageni wawili wa harusi: ukimuuliza mmoja leo na mwenzake kesho, kila mmoja atakusimulia harusi tofauti."

Jina lake la utani lina kisa, na kisa chenyewe ni mama yake mzazi, anayeishi naye. Bibi huyo anapoteza kumbukumbu. Alianza kusahau funguo, yakafuata majina ya wajukuu. Jambo moja tu lilimganda: kumkamata bintiye mlangoni kila asubuhi na kumpaka mafuta ya mgando mikononi.

"Utatokaje umepauka hivyo?" humgombeza. "Watu waseme huna mama?"

Binti alikuwa akifika kazini ananawa, anavaa glavu, mambo yanakwenda. Siku moja alichelewa, akanawa juujuu, akazivaa glavu kwa kuzishika upande wa nje. Sampuli ya siku hiyo ilikuwa ya pekee, imetengenezwa kwa hidrojeni nzito badala ya ile ya kawaida. Nyutroni, ambazo huzitofautisha hidrojeni hizo mbili, zikaonyesha kuna kitu kimezidi. Infraredi ikakitaja: mafuta.

"Jamani, nani kajipaka?" mtafiti mkuu aliuliza.

Fundi alinyoosha mkono, machozi yakimlengalenga, akaeleza yote. Mtafiti akamsikiliza, akacheka kwa uchungu, akampa pole na onyo: ikijirudia, atahamishiwa stoo.

"Ningeweza kumkataza mama," anasema. "Lakini siku akiacha kunipaka, nitajua nimeshakuwa mgeni kwake. Hilo naliogopa kuliko stoo."

Kwa hiyo siku hizi asubuhi huficha kopo na kusingizia mafuta yameisha. Jioni hulitoa kana kwamba ametoka kununua jipya.

Jioni hiyo tunaongozana naye nyumbani. Bibi anamtazama bintiye kwa muda mrefu, kwa adabu.

"Karibu, bibie. Umekuja kwa nani?"

Binti anakaa karibu yake, anaweka kopo mezani, ananyoosha mikono. Bibi anaipokea. Anachota mafuta, anaanza kupaka, kidole kimoja kimoja.

"Imekauka kama ya binti yangu," anasema. "Naye hajipaki mpaka nimshike. Ukimwona huko kazini, mwambie arudi mapema. Namngoja."

"Nitamwambia, mama."

Binti anatusindikiza hadi mlangoni, anajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu viganja vinateleza. Kesho, anasema, ataomba kufanya kazi nusu siku.

"Mshahara ukipungua, na upungue," anasema. "Mmesikia wenyewe, nangojwa."